Lami Inapoishia: Mhadhara Kuhusu Upepo wa Tairi Kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Nimeombwa nizungumzie upepo wa tairi, na nasikia baadhi yenu mlicheka mlipoambiwa mada. Upepo si ni wa kujaza tu? Tairi likilegea unajaza, likijaa unaondoka.

Hapo ndipo nilipokuja kubishana. Upepo hauwekwi kwa kuangalia gari au baiskeli peke yake. Unawekwa kwa kuangalia mzigo uliobebwa, mwendo unaokwenda na ardhi inayokanyagwa. Kimojawapo kikibadilika, upepo nao unatakiwa ubadilike. Na sehemu ambako vitu hivyo hubadilika haraka kama hapa kwetu si nyingi.

Tazameni njia zetu. Songea hadi Mbinga ni lami. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, sasa nako ni lami, na aliyewahi kupita huko masika enzi za udongo hahitaji kuelezwa neema hiyo. Lakini kahawa haioti kandokando ya lami. Inatoka Litembo, Maguu, Langiro, Mpapa, kwenye miteremko ile ya mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo wameilima vizazi na vizazi. Samaki wanatoka Liuli, Lundu, Lituhi. Ndani ya siku moja gari linapita kwenye lami ya moto, changarawe, udongo mwekundu uliolowa na mchanga wa ufukweni, na kote huko linakwenda na upepo uleule uliowekwa asubuhi Mbinga mjini.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,000 na mizigo yake, na tuseme uzito umegawanyika sawasawa, kila tairi kilo 500. Hizo ni pauni 1,100. Ile psi mnayoisoma kwenye geji ni pauni kwa kila inchi moja ya mraba. Kwa hiyo tairi lenye psi 35 linahitaji kugusa ardhi kwa inchi za mraba 31 hivi ili libebe pauni 1,100. Ukilishusha hadi psi 20, linahitaji inchi 55. Hesabu halisi hupishana kidogo na hii, maana ukuta wa tairi nao una ugumu wake, lakini mwelekeo ni huo. Gari ni lilelile, uzito ni uleule, ila wayo wa tairi umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na wengi hudhani tairi lililopunguzwa upepo linapanuka kwa upana. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni ya urefu: alama ya tairi ardhini inakuwa ndefu.

Mchangani, basi, mwenye psi 40 ni sawa na mtu aliyeshuka ufukweni na viatu vya kisigino kirefu. Nguvu ya injini haimsaidii. Kila akikanyaga mafuta anachimba shimo lake mwenyewe.

Haya si maarifa mapya. Tairi la upepo lilisajiliwa Uingereza na Robert William Thomson mwaka 1845, likasahaulika, mpaka mwaka 1888 daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, alipolibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alichotaka ni mtoto asitikisike kwenye barabara mbovu. Ndugu zangu, upepo uliingizwa kwenye tairi ili tairi libonyee. Kulijaza mpaka lisibonyee kabisa ni kuitupa kazi ya Dunlop na kurudi kwenye gurudumu la mbao. Kati ya vita vile viwili vikuu, Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka mchanga wa jangwa la Libya kwa magari ya kawaida, na kupunguza upepo ilikuwa mojawapo ya mbinu zao. Katika Vita vya Pili, Wamarekani walikuwa na lori la DUKW, lile la kwenda majini na nchi kavu, ambalo dereva wake aliongeza au kupunguza upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye usukani, akitoka ziwani kuingia mchangani na mchangani kuingia barabarani. Imepita miaka 80 na magari yetu mengi hayana hata geji.

Mazungumzo kwenye kompresa zetu mnayajua. Noah inasimama, dereva anashusha kioo. “Fundi, za saa hizi? Niwekee upepo.” “Nzuri, kaka. Ngapi?” “Zote arobaini.” Basi, imekwisha. Hakuna aliyeuliza abiria wangapi watapanda, wala gari linaelekea wapi, wala kama matairi yamepoa. Mwingine akitaka kuonekana mjuzi anainama, anasoma ubavuni mwa tairi: psi 44, au 51. “Jaza hadi hapo.” Namba ile imewekwa na aliyetengeneza tairi, naye hajui tairi litafungwa kwenye gari gani. Ni kikomo cha juu. Aliyetengeneza gari ameandika yake kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mbele na nyuma, na magari mengi yana namba ya gari tupu na ya gari lililojaa. Fungueni milango mkitoka hapa, mkasome. Hiyo ndiyo namba ya lami. Nje ya lami mnaanzia hapo na kushuka.

Kwenye changarawe iliyoshikana, kwa gari dogo au la magurudumu manne yanayovuta, kushusha robo kunatosha: aliyekuwa na 35 awe na 26 au 28. Gari litatulia, vyombo havitagongana, na tairi halitakatwa hovyo, kwa sababu tairi gumu likikutana na ncha ya jiwe halina pa kurudi nyuma, linapasuka, wakati lililolegea kidogo linalizunguka jiwe. Ila kuna bei ya kulipa. Ukuta wa tairi lililolegea unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kujikunja huko kunazaa joto. Mwendo ukiwa mdogo joto linatoka. Ukiwa mkubwa linabaki ndani na kula nyuzi. Ndiyo maana gari lililotoka mchangani Liuli na psi 18, likapandisha lami kuja Mbinga kwa kilomita 80 kwa saa bila kujazwa, linaweza kupasua tairi mlimani na dereva akalaumu jua.

Sasa nigeukie baiskeli, na nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa vitabu vya magari viko vingi, lakini mtu anayesukuma gunia la mihogo kutoka shamba hadi gulioni hajaandikiwa chochote.

Baiskeli zetu nyingi ni zile ndefu za chuma, Phoenix na jamaa zake, tairi la 28 kwa inchi moja na nusu. Vali zake ni zile zenye kijimpira chembamba ndani, na geji ya gari haiwezi kusoma vali ya namna hiyo. Ndiyo sababu kidole gumba kimekuwa geji ya nchi nzima. Kidole si kibaya, lakini kinadanganyika: tairi nene la zamani linaonekana limejaa hata likiwa na upepo nusu, na tairi jembamba jipya ni kinyume chake. Halafu kidole kinabonyeza baiskeli tupu, hakijui kama mtu atakaa juu yake na gunia kwenye keria.

Kuna njia bora, na kifaa chake ni rula ya mwanafunzi. Mmarekani Frank Berto alipima matairi mengi ya baiskeli na kupendekeza kwamba tairi likibeba mzigo wake libonyee kwa asilimia 15 ya kimo chake. Hesabu yake kwetu ni hii. Simamisha baiskeli ikiwa haina kitu, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa rimu. Tuseme umepata milimita 40. Panda, au pakia mzigo wako wa kawaida huku mwenzio ameishika, apime tena palepale chini ya ekseli. Akikuta 34, upepo unafaa. Akikuta 38, umejaza kupita kiasi, na mgongo wako utakuambia kabla hujafika. Akikuta 28, ongeza, la sivyo rimu itagonga jiwe. Pima tairi la mbele na la nyuma kila moja kivyake. Uzito wa mpanda baiskeli huangukia zaidi nyuma, na gunia la keria huangukia karibu lote nyuma. Kuweka upepo sawa mbele na nyuma ni mazoea tu, hayana hoja.

Fundi mzuri anaisoma tyubu iliyotolewa kabla hajashika solusheni. Anaijaza, anaizamisha kwenye beseni, anatazama mapovu. Tundu moja upande wa nje: mwiba, msumari, kipande cha waya. Tundu upande wa ndani, ule unaolalia rimu: ncha ya spoki imetoboa, na hapo upepo hauna hatia. Lakini akikuta matundu mawili membamba yaliyokaa sambamba, moja huku na moja kule, anajua tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Huyo alikuwa na upepo kidogo kwa mzigo wake. Fundi wa haraka anabandika kiraka kimoja, tundu la pili hakuliona, na mteja anarudi akisukuma baiskeli kabla jua halijazama, amekasirika.

Vijana wenye baiskeli za milimani au zile za changarawe zenye usukani wa kupinda, nyinyi vali zenu zinasomeka kwa geji, kwa hiyo hamna kisingizio. Mpanda baiskeli wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40 anaweza kuanza na psi 35 mbele na 38 nyuma kwenye barabara ya vumbi, kisha ashuke kidogo kidogo mpaka asikie rimu inakaribia kugusa, halafu aongeze kiasi. Mtaniambia tairi gumu ndilo linalokwenda kasi. Kwenye lami laini, ndiyo, kwa kiasi fulani. Kwenye mawe, kila mtikisiko unaousikia mikononi na mapajani ni nguvu yako uliyoitoa kwenye pedali ikaishia mwilini mwako badala ya kukusukuma mbele.

Bodaboda nawapitia haraka. Vibandiko vya pikipiki nyingi za cc 125 na 150 vinataka kama 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 hivi ukiwa na abiria. Ukibeba abiria wawili na kuku, hakuna kibandiko kitakachokutetea.

Narudi kwenye magari, na kwenye mlima. Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini kidogo ya mita 500. Umejaza psi 35 alfajiri ya Juni, baridi ile mnayoijua ya Umatengo, tuseme nyuzi 12. Mchana uko Mbamba Bay, nyuzi 28. Joto peke yake limeongeza karibu psi tatu. Lakini umeshuka mita 800 na ushehe, na huko chini hewa ya nje ni nzito zaidi, inalikandamiza tairi. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo kushuka kumepunguza psi moja na kidogo. Ukijumlisha na kutoa, imebaki nyongeza ya psi moja na nusu hivi. Juu yake weka joto la safari na la breki zilizokamatwa mteremko mzima, geji inaweza kukuonyesha 40 na kitu. Dereva anashtuka, anatoa upepo mpaka 35 tairi likiwa la moto. Kesho yake alfajiri, kabla ya kupanda, matairi yake yako chini ya 30 naye anaanza mlima na abiria kumi. Tairi la moto haliguswi ili kurekebisha namba ya lami. Liache lipoe, ndipo upime.

Mchangani ni jambo jingine. Huko unapunguza kwa makusudi, na kwa kiasi kikubwa. Njia zinazoachana na barabara kuelekea mialo ya wavuvi zina mchanga laini, na gari la magurudumu manne yanayovuta linataka psi 18 hivi, hata 15 likiwa limekwama, kwa mwendo wa baiskeli na bila kukata kona ghafla, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Wakati wa kupunguza ni kabla ya kuingia mchangani. Wengi wetu tunapunguza baada ya tumbo la gari kulala chini, tumekwisha choma klachi, na vijana wa kijiji wamekwisha panga bei ya kusukuma.

Tope la Umatengo, hapo sikubaliani na wanaosema dawa ni ileile ya mchanga. Mchanga hauna sakafu. Ni lazima uelee juu yake. Udongo wetu mwekundu masika mara nyingi una sakafu ngumu chini na utando wa utelezi juu. Ukishusha hadi 15 unaelea juu ya ule utelezi, na kwenye barabara iliyoinamia bondeni hutaki kuelea. Shusha kiasi, 25 hivi, ili meno ya tairi yafunguke na kujisafisha, kisha tegemea minyororo, gia ndogo na subira. Na kama meno yamekwisha, hakuna psi itakayoyarudisha.

Nimeyaacha malori mwishoni kwa sababu hayo ndiyo yanayotuhusu sote, hata asiye na gari. Makunyanzi yale ya barabara ya vumbi, yanayotetemesha gari mpaka skrubu zinalegea, yanatengenezwa na magurudumu yenyewe. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu lililobingirishwa juu ya mchanga kwenye meza ya duara inayozunguka. Mwendo ukiwa chini ya kiwango fulani, mchanga unabaki tambarare. Ukipita hapo, gurudumu linaanza kudunda, na kila mdundo unaukuza mdundo unaofuata. Watu wa misitu wa Marekani walikuwa wamelikuta tatizo hilo kazini kabla ya hapo: katika miaka ya 1980 Idara ya Misitu ya huko ilijaribu kupunguza upepo wa malori ya magogo kwenye barabara za udongo, na uharibifu wa barabara ukapungua.

Fikirieni safari ya Fuso la kahawa. Linapanda Maguu likiwa tupu. Matairi yake ya nyuma yana psi 100, zilizowekwa kwa ajili ya tani litakazorudi nazo. Limebeba hewa tu, tairi haliwezi kubonyea, basi linadunda, na kila linapotua linachimba. Makaa ya mawe ya Ngaka nayo huondoka kwa malori yaliyojaa, na mengi hurudi matupu. Utingo anagonga matairi kwa chuma, anasikiliza, anasema yako sawa. Kugonga kunakuambia tairi liko hai au limekufa. Hakukuambii lina 100 au 70. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanza mwaka 2017, inapitisha greda kwenye barabara zetu za vijijini, na lori tupu lenye tairi gumu linaanza kuiharibu kazi hiyo siku hiyohiyo. Ningekuwa diwani, kabla ya kuomba greda la pili ningeomba geji.

Mwenye lori atanijibu kwamba hana muda, na huko Maguu hakuna kompresa ya kujaza tena akishapakia. Jibu hilo ni la haki kwa mwenye Noah. Lakini lori lenye breki za upepo lina kompresa yake, inazungushwa na injini siku nzima, na mtungi wa upepo uko chini ya bodi. Kwenye vali ya mtungi huo fundi anaweza kufunga mpira mrefu wenye kichwa cha kujazia na geji, na mengi yanayotoka kiwandani yana sehemu hiyo tayari. Unaposhusha, fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi linaloonyesha psi kwa uzito wa kila ekseli. Lori tupu litashuka sana nyuma, na mbele halitashuka sana, kwa sababu injini haikushushwa sokoni. Ukimaliza kupakia, acha injini iungurume, jaza tairi moja moja, ukianza na la ndani kwenye yale mapacha kwa kuwa ndilo linalosahaulika, na tazama mshale wa breki kwenye dashibodi. Ukishuka, simama, subiri mtungi ujae. Usiondoe lori Maguu mpaka mshale umerudi mahali pake.